Mawe ni yale yale, mbona gesi ya Nairobi ni nyingi kuliko ya Mombasa?

TUSEME uko Kidato cha Tatu katika shule moja mtaani Umoja, Nairobi. Binamu yako pia yuko Kidato cha Tatu, ila yeye ni wa Likoni, Mombasa. Wiki moja nyote mnafanya jaribio lile lile la Kemia. Mnapima gramu 2.5 za marumaru, mnazitia ndani ya asidi ya hidrokloriki hadi mawe yaishe kabisa, kisha mnanasa gesi yote ya kaboni dayoksaidi inayotoka na kupima ni mililita ngapi.

Jioni mnaingia WhatsApp kulinganisha majibu.

"Sisi tumepata 622," anaandika binamu.

Unaangalia daftari lako. Umeandika 739.

"Aki wewe! Umepita na zaidi ya mia," anajibu, na emoji za kucheka juu yake. "Kwani mlipima na ndoo?"

Mnakimbilia vitabu kumtafuta aliyekosea. Kitabu cha kwanza kinasema jibu ni mililita 600. Cha pili kinasema 560. Sasa kuna majibu manne kwa swali moja, na kila mtu anaona mwenzake ndiye hajui Kemia.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekosea. Majibu yote manne ni sahihi. Na ukielewa ni kwa nini, utakuwa umeelewa yale maneno machache ambayo wengi wetu huyaruka kwenye karatasi ya mtihani: "katika halijoto na presha sanifu". Walimu huyafupisha kwa herufi tatu tu, STP, halafu somo linaendelea. Mwanafunzi anabaki akijiuliza kimoyomoyo: mbona hesabu za Kemia zinajifanya dunia nzima iko kwenye nyuzi sifuri? Nani aliwahi kukaa darasani Kenya kukiwa na nyuzi sifuri?

Hilo ni swali zuri, na lina jibu.

Jiwe halibadiliki, gesi hubadilika

Tuanze na kile ambacho hakikubadilika. Gramu 2.5 za marumaru ni gramu 2.5 Umoja, ni gramu 2.5 Likoni. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, na moli moja yake ina uzito wa gramu 100. Kwa hivyo nyote wawili mlikuwa na moli 0.025, na nyote wawili mlipata moli 0.025 za kaboni dayoksaidi.

Kama neno moli bado linakutia kizunguzungu, lichukulie kama dazeni. Dazeni ni vitu 12, viwe mayai au vitabu. Moli nayo ni idadi tu, ila ni kubwa kupindukia: 6.02 mara 10 kwa kipeo cha 23. Wewe na binamu mlinasa idadi sawa ya molekuli.

Tofauti iko kwa nafasi ambayo molekuli hizo zinachukua. Jiwe lina ukubwa wake, na ulibebe uende nalo wapi, halitabadilika sana. Gesi haiko hivyo. Gesi ni molekuli zinazokimbia ovyo na kugongana, na ukubwa wa nafasi zitakayojaza hutegemea mambo mawili: zinakimbia kwa kasi gani, na zinabanwa kwa nguvu kiasi gani kutoka nje.

Kasi ni halijoto. Fikiria watu 50 kwenye ukumbi wa harusi. Wakiwa wameketi wanasikiliza hotuba ya wazee, wanatosha upande mmoja. Didijei akiweka ngoma wakaanza kucheza, ni watu wale wale 50, lakini sasa ukumbi mzima hautoshi. Gesi ikipata joto ndivyo inavyofanya.

Kubanwa ni presha. Hapa fikiria matatu ya abiria 14. Kondakta akiamua "songeni hapo nyuma, beba mtoto", abiria 14 wanatoshea viti vya 10. Akishuka na kuacha kusukuma watu, wanatanuka. Hewa iliyo juu yetu ndiyo kondakta wa gesi: inaisukuma kutoka kila upande.

Nairobi iko juu, Mombasa iko chini

Sasa linganisha miji hiyo miwili. Likoni iko ufuoni, kwa hivyo hewa yote iliyo juu ya bahari inakuelemea. Presha ya hewa hapo ni karibu kilopaskali 101. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya hewa imebaki chini yako, na presha inashuka hadi karibu kilopaskali 83. Kondakta wa Nairobi ni mpole.

Halijoto nayo inavuta upande mwingine. Siku ya kawaida maabara ya Mombasa inaweza kuwa nyuzi 30, na ya Nairobi nyuzi 22. Joto la Mombasa linatanua gesi kidogo, lakini presha ndogo ya Nairobi inaitanua zaidi.

Ukifanya hesabu, moli moja ya gesi katika maabara ya Mombasa siku hiyo inajaza karibu lita 24.9. Katika maabara ya Nairobi, moli hiyo hiyo inajaza karibu lita 29.5. Zidisha kila moja kwa 0.025 na utapata zile namba za WhatsApp: takriban mililita 622 na mililita 739.

Kama huamini kuwa Nairobi inaweza kubadilisha Kemia yako, chemsha maji. Kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukitumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka Nairobi, kitakwama kwenye 94 au 95. Kuna wanafunzi wameona namba hiyo kwa macho yao, wakaogopa, wakaandika 100 kwa sababu "ndivyo kitabu kinasema". Kipimajoto hakikuwa kimeharibika. Ile 100 ni ya presha ya usawa wa bahari, na Nairobi haiko hapo. Ndiyo maana pia githeri ya nyanda za juu hukaa jikoni muda mrefu: maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na mahindi yanaendelea kuwa magumu hadi uyatie kwenye sufuria ya presha.

Gorogoro ya wanakemia

Mtu yeyote aliyewahi kutumwa sokoni anajua gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi na maharagwe. Na anajua pia ujanja wake. Kuna muuzaji ambaye hugonga kitako cha mkebe kwa ndani, ukaonekana umejaa kumbe umekula hasara. Kuna mwingine anayejaza hadi kilima kinatokea juu, na mwingine anayepitisha mkono kufuta kilima. Wote wanakwambia bei "kwa gorogoro". Ukitaka kulinganisha bei ya Gikomba na ya Kawangware, lazima kwanza ujue ni gorogoro gani.

Wanakemia walikuwa na shida hiyo hiyo. Ukisema "nimepata lita moja ya hidrojeni", mtu wa mji mwingine hajui umepata kiasi gani. Lita moja ya hidrojeni wakati wa baridi ina molekuli nyingi kuliko lita moja wakati wa joto. Lita moja ufuoni ina nyingi kuliko lita moja mlimani. Lita ni gorogoro iliyogongwa kitako.

Suluhisho likawa ni kukubaliana juu ya mkebe mmoja. Pima gesi yako popote ulipo, kwa joto lolote na presha yoyote. Lakini kabla hujaandika jibu, lifanyie hesabu useme: gesi hii ingejaza nafasi gani kama ingekuwa nyuzi sifuri na presha ya milimita 760 za zebaki? Hapo kila mtu anaweza kulinganisha.

Kwa hivyo STP haisemi kwamba jaribio lilifanywa kwenye friji. Haisemi hata kwamba kuna darasa lenye hali hiyo. Ni mkebe wa makubaliano tu.

Safari ya kufika hapo

Makubaliano hayo hayakuja siku moja. Mnamo Agosti 27, 1783, Mfaransa Jacques Charles na wenzake waliachilia angani jijini Paris puto lililojazwa hidrojeni. Hidrojeni hiyo waliitoa kwa kumwagia vyuma asidi ya salfyuriki. Puto liliruka hadi kijiji cha Gonesse, na wanakijiji, ambao hawakuwa wamewahi kuona kitu kama hicho kikitoka mbinguni, walilishambulia kwa uma za shambani.

Miaka michache baadaye Charles aligundua kwamba gesi mbalimbali hutanuka kwa kiwango kile kile zikipashwa joto. Hakuchapisha. Mfaransa mwingine, Joseph Louis Gay-Lussac, ndiye aliyetoa matokeo hayo mwaka 1802, na akamtaja Charles kwa jina. Leo tunajua kwamba kila gesi ikipanda nyuzi moja, inaongeza karibu sehemu moja kati ya 273 ya ujazo iliokuwa nao kwenye nyuzi sifuri. Ile 273 unayoongeza kila mara kwenye hesabu za gesi ilitoka hapa.

Mwaka 1811, Mwitaliano Amedeo Avogadro alisema jambo ambalo lingemaliza ubishi mwingi kama watu wangemsikiliza: ujazo sawa wa gesi zozote mbili una idadi sawa ya molekuli, mradi halijoto ni moja na presha ni moja. Angalia hayo maneno ya mwisho. Bila hayo, kauli yote inaanguka. Ujazo unaweza kukuhesabia molekuli ambazo huwezi kuziona, lakini ukishikilia halijoto na presha mahali pamoja tu.

Hawakumsikiliza. Miaka karibu 50 ilipita huku wanakemia wakizozana hata kuhusu fomula ya maji. Wengine waliandika HO, wengine H2O, na kila mmoja alikuwa na uzito wake wa atomu. Mnamo Septemba 1860 zaidi ya wanakemia mia moja walikutana mjini Karlsruhe, Ujerumani, kutafuta lugha moja. Hapo Mwitaliano mwingine, Stanislao Cannizzaro, aliwarudisha kwenye wazo la Avogadro, na kijitabu chake kikagawiwa waliohudhuria. Avogadro mwenyewe alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Mbona sifuri, si ishirini?

Kama ni makubaliano tu, kwa nini wasichague joto linaloeleweka?

Jibu ni barafu. Ponda barafu safi uitie kwenye ndoo, ongeza maji safi, koroga. Muda wote barafu na maji vikiwa pamoja, mchanganyiko huo utabaki nyuzi sifuri. Huhitaji kipimajoto cha bei ghali, wala huhitaji kuamini kipimajoto cha mtu mwingine. Enzi hizo vipimajoto vya mafundi tofauti havikukubaliana vizuri, lakini barafu inayoyeyuka haikudanganya mtu.

Tena barafu ina faida nyingine ambayo mtu wa Nairobi ataielewa haraka. Tumeona maji yanayochemka hayana msimamo, Likoni ni 100, Umoja ni 94. Barafu inayoyeyuka haibabaishwi hivyo na presha ya hewa. Umoja ni sifuri, Likoni ni sifuri, na tofauti ni ndogo kiasi kwamba kipimajoto cha shule hakiwezi kuiona. Ukitafuta halijoto ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuitengeneza mwenyewe na kuwa na hakika nayo, ndiyo hiyo.

Presha nayo ilichukuliwa kutoka baharini. Milimita 760 za zebaki ni urefu wa wastani wa zebaki katika barometa kwenye usawa wa bahari. Kwa vipimo vya leo ni kilopaskali 101.325. Ukiweka moli moja ya gesi katika hali hiyo, inajaza lita 22.4. Hiyo ndiyo ile namba uliyokariri. Zidisha 22.4 kwa 0.025, unapata mililita 560, jibu la kitabu cha pili.

Na 600 ya kitabu cha kwanza ilitoka wapi? Ilitoka kwa mkebe mwingine, unaoitwa halijoto na presha ya chumba, RTP. Huko moli moja ya gesi inachukuliwa kuwa lita 24. Lakini chumba hicho kina nyuzi 20 hivi na presha ya usawa wa bahari. Kwa hivyo jina lisikudanganye: chumba hicho hakiko Umoja, na kwa sababu ya joto hakiko hata Likoni. Nacho ni chumba cha makubaliano.

Mikebe mingi, lebo ni lazima

Hapa ndipo wengi hupotelea, kwa hivyo twende polepole. Hakuna halijoto sanifu moja kwa kila kitu.

Hesabu za ujazo wa gesi hutumia nyuzi sifuri, ambayo ni Kelvini 273. Ukifika kwenye majedwali ya nishati ya mmenyuko au ya volti za elektrodi, ghafla unaona 298, yaani nyuzi 25. Halijoto hiyo iko juu kidogo ya joto la maabara nyingi za nchi za baridi, na ni rahisi kulishikilia beseni la maji hapo kwa kulipasha moto kidogo kuliko kulipoza kila dakika. Chukua chupa ya kupimia ya maabara uigeuze: karibu na jina la kiwanda mara nyingi utaona imeandikwa 20°C. Maana yake ule mstari wa mililita 250 ni wa kweli kwenye nyuzi 20. Kukiwa na joto zaidi, glasi na kimiminika vyote hutanuka kidogo.

Hata pH 7, ambayo tumefundishwa kuwa ndiyo katikati kati ya asidi na besi, ni ya nyuzi 25. Kwenye nyuzi 37, joto la mwili wako, maji safi yana pH ya karibu 6.8, na bado si asidi. Katikati ndiyo imesogea.

Makubaliano yenyewe pia hubadilishwa. Mwaka 1982, IUPAC, muungano wa kimataifa wa wanakemia, ulipendekeza presha sanifu iwe kilopaskali 100 kamili badala ya 101.325. Kwa mkebe huo mpya, moli moja ya gesi kwenye nyuzi sifuri inajaza lita 22.7. Hesabu za KCSE zimezoea kukupa 22.4 au 24, kwa hivyo usije ukabishana na karatasi. Lakini ukifika chuo ukaona 22.7, usidhani mhadhiri amekosea.

Funzo ni moja: namba bila lebo ya halijoto na presha ni kama bei bila kusema ni gorogoro au ni gunia.

Mambo haya yako nje ya darasa pia

Unaweza kusema, sawa, hayo ni ya mtihani, nikimaliza shule nitayasahau. Basi fikiria dereva wa lori la mafuta.

Chukulia lori limepakia lita 30,000 za petroli pwani, jua likiwa utosini. Linasafiri usiku hadi nyanda za juu, na petroli inapoa nyuzi 10. Petroli hupungua ujazo kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Ikipimwa asubuhi, itakuwa imepungua karibu lita 300, na hakuna aliyefyonza hata tone. Zidisha lita 300 kwa bei ya EPRA ya mwezi huu uone ni pesa ngapi. Mwenye kituo akipima bila kuangalia halijoto, ataona wizi. Dereva naye atakosa la kusema, na kazi inaweza kuishia hapo.

Kwa sababu hiyo, biashara kubwa ya mafuta haihesabu lita kavu kavu. Inapima lita pamoja na halijoto, kisha inabadilisha kuwa lita za halijoto ya makubaliano. Duniani nyuzi 15 hutumiwa sana. Marekani hutumia 60 za Fahrenheit, ambazo ni karibu nyuzi 15.6 za Selsiasi. Ni hesabu ile ile ya STP, ila hapa anayekosea hapotezi alama mbili, anapoteza jina lake.

Kabla hujamwambia mwenye bodaboda ajaze tanki alfajiri ili apate mafuta mengi, kumbuka matangi ya kituo huwa chini ya ardhi, ambako joto halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Atakachookoa ni kidogo mno.

Na ule mtungi wa meko nyumbani? Umeandikwa kilo 6 au kilo 13, si lita. Kilo hazijali kama uko Lodwar kwenye joto au Nyahururu kwenye baridi. Mahali pengine dawa ya ujanja wa gorogoro ni kuiacha gorogoro na kuleta mizani.

Karatasi ya mtihani ikija

Sasa turudi kwa alama zako. KCSE ni karatasi moja kwa nchi nzima. Mtahiniwa wa Lodwar, wa Nyahururu na wa Likoni wote wanajibu swali lile lile siku ile ile. Kama kila mmoja angetumia hali ya hewa ya darasa lake, KNEC ingehitaji majibu sahihi mengi kama vile kuna shule. STP ndiyo inayowaweka wote kwenye mstari mmoja.

Mambo matatu yatakuokoa.

Kwanza, soma lebo kabla ya kugusa kikokotoo. Swali likisema STP, tumia 22.4. Likisema RTP, tumia 24. Likikupa halijoto na presha nyingine kabisa, hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia moja kwa moja. Kosa la kawaida ni mtu kuona neno gesi tu na mkono kuandika 22.4 wenyewe.

Pili, geuza Selsiasi kuwa Kelvini kwa kuongeza 273. Gesi ikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40, kuna mtu ataandika imeongezeka mara mbili kwa sababu 40 ni mara mbili ya 20. La hasha. Imetoka Kelvini 293 hadi 313, na imeongezeka kwa karibu asilimia 7 tu. Sifuri ya Selsiasi ni barafu, si mwisho wa joto. Kuanzia sifuri ya kweli ni wazo la William Thomson la mwaka 1848, yule ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin.

Tatu, jiulize kama jibu lina akili. Ukipoza gesi, ujazo upungue. Ukiongeza presha, upungue. Jibu lako likienda upande mwingine, umegeuza sehemu juu chini.

Tujaribu na namba zako za Umoja. Ulipata mililita 739, presha kilopaskali 83, halijoto nyuzi 22, yaani Kelvini 295. Unataka kuzipeleka STP. Presha inapanda kutoka 83 hadi 101.3, kwa hivyo gesi inabanwa: 739 mara 83, gawanya kwa 101.3. Unapata karibu 605.5. Halijoto inashuka kutoka 295 hadi 273, kwa hivyo gesi inanywea tena: 605.5 mara 273, gawanya kwa 295. Unapata 560.

Mwambie binamu naye afanye zake. Presha yake tayari ni ya usawa wa bahari, kwa hivyo hana haja ya kuigusa. Anashughulika na joto pekee: 622 mara 273, gawanya kwa 303. Anapata 560.

Sasa rudini WhatsApp. Yeye hakukosea, wewe hukukosea, na hakuna aliyepima na ndoo. Ila siku nyingine ukituma jibu la gesi, tuma na halijoto na presha, ndiyo asicheke kabla hajapiga hesabu.